Neno "laini" lilipofika kwenye kantini ya mnada

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, taa ya kantini ya mnada wa ng'ombe wa Knockabrann imewaka na Attracta Mulqueen amekwisha kumenya ndoo ya kwanza ya viazi. Nje, malori yanarudi kinyumenyume hadi kwenye lango la mazizi. Ndama wanalia. Redio iliyo juu ya friji iko kimya.

Redio hiyo kwa kawaida haizimwi. Wakulima wa sehemu hii ya kusini mwa Ayalandi hunywa chai huku wakisikiliza bei za mifugo na matangazo ya vifo, na ole wake atakayeongea wakati majina ya marehemu yanasomwa. Leo Attracta ameichomoa kwenye umeme, akaviringisha waya wake na kuutia mfukoni mwa aproni.

"Nimeshaisikia vya kutosha," anasema. "Nimeisikia nyumbani, nimeisikia dukani nikinunua kabichi. Humu jikoni hawatanisikilizisha."

Anayoyakataa ni maneno machache tu. Jumatatu jioni redio ya kaunti ilimpigia simu Batt Scanlan, nahodha wa zamani wa Knockabrann, ikamuuliza ameionaje timu yake katika fainali ya kaunti ya hurling, mchezo wa Kiayalandi wa kupiga mpira kwa magongo, iliyochezwa siku moja kabla na kwisha kwa sare.

"Laini," alijibu. "Timu laini. Namba sita anatoka uwanjani eti ameona nyota. Enzi zetu mtu akipigwa kichwani alikuwa anajua tu kwamba leo ni Jumapili, anaendelea kucheza."

Mtangazaji alicheka. Kipande hicho kikarudiwa asubuhi yake, na mchana wake, na kesho yake.

Namba sita ni Fiachra Mulqueen, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, anayejifunza ufundi umeme. Ni mtoto pekee wa Attracta.

Kilichotokea uwanjani hakina ubishi, kwa kuwa kimerekodiwa. Kipindi cha pili, Knockabrann wakiongoza kwa pointi tano dhidi ya Toorgarve, Fiachra aliruka kudaka mpira wa juu, akapigwa kikumbo halali, akaanguka na kisogo kikatua chini. Helmeti ilibaki kichwani. Aliinuka mwenyewe, akaokota gongo lake, akaanza kutembea kuelekea lango ambalo si lake.

Daktari wa timu alimfuata akamuuliza leo wanacheza na nani. Fiachra alitaja timu waliyocheza nayo mwaka jana. Daktari akamtoa, akamwandikia mapumziko ya wiki tatu. Toorgarve walifunga pointi tano katika robo saa iliyobaki, nyingi zikipitia katikati, pale alipokuwa akisimama yeye. Mechi ya marudio ikapangwa Jumapili inayofuata.

Hivyo ndivyo hali ilivyo asubuhi hii. Zimebaki siku tatu. Daktari amesema hapana, shujaa wa parokia amesema laini, na kijana, wakati mama yake anavaa viatu vya kazini gizani, amemwambia kutoka kitandani, "Mama, nitacheza."

Attracta alimaliza kuvaa viatu. Alikwenda kumenya viazi.

Ana miaka hamsini na sita. Amepika katika kantini hii tangu Fiachra alipoanza shule. Hulipwa yuro kumi na tano kwa saa, siku mbili za mnada kwa wiki. Siku nyingine husafisha madarasa ya shule ya msingi. Mumewe, Colm, dereva wa lori la maziwa, alikufa kwa ugonjwa wa moyo miaka sita iliyopita. Katika klabu hana cheo chochote. Hufua jezi na hupika chakula cha mkutano mkuu wa kila Desemba, mkutano ambao hajawahi kuketi ndani yake, kwa sababu wakati wenzake wanapiga kura yeye huwa anakata sandwichi.

Saa mbili wanaume wa kwanza wanaingia na matope yao, na soseji ziko tayari. Mjadala unaingia pamoja nao, kwa maana ulianzia kwenye maegesho ya malori.

"Neno ni neno," anasema Jer Moloney, msafirishaji wa ng'ombe, huku akipaka siagi mkate kana kwamba anapiga plasta ukuta. "Batt hajasema uongo. Tulikuwa tunaongoza kwa tano, bwana! Tano!"

"Na wewe ulikuwa unacheza namba ngapi?" anauliza Peig Fahy, mkulima mwenye ng'ombe themanini na mdomo usioogopa mtu.

"Mimi nilikuwa jukwaani."

"Basi kaa hukohuko jukwaani, Jer. Ulipokuwa unacheza wewe, mara ya mwisho tuliyokuona ulitoka kwa sababu ya mafua."

Meza nzima inaangua kicheko. Jer anaweka kisu chini.

"Mafua yale yalikuwa na homa, Peig! Muulize mama yangu!"

"Mama yako ndiye aliyetuambia ulikuwa mzima."

Jer anacheka naye, kisha anainua kidole kuelekea juu ya dirisha la kupakulia chakula. Huko, kwenye misumari miwili, limening'inia gongo la hurling lililopasuka katikati, likishikiliwa na ukanda wa bati. Kila mtu aliyekulia Knockabrann anajua habari zake.

Fainali ya mwaka 1983. Batt Scanlan, bila helmeti, alipigwa gongo la kichwa, na lake mwenyewe likapasuka papo hapo. Walimfunga kitambaa. Akakataa kutoka, akaazima gongo la mwenzake, na dakika ya mwisho akapiga mpira kutoka karibu na mstari wa katikati, upepo ukiwa usoni, ukapita juu ya mwamba wa goli. Knockabrann wakashinda kwa pointi moja. Hawajawahi kulitwaa tena kombe hilo.

"Yule ndiye mwanaume," anasema Jer. "Damu hadi shingoni, na bado akafunga. Leo kijana anaulizwa maswali na daktari kama yuko kwenye mtihani wa kipaimara! Angejibu tu 'Toorgarve' akaendelea kucheza."

"Angejibu vipi, naye alikuwa hajui?" anauliza Peig.

"Mwenzake angemnong'oneza."

Hakuna anayecheka. Inaonekana Jer hakukusudia kichekesho.

Attracta ameshika mwiko. Anasikia yote, dirisha la kupakulia halina kioo. Hasira yake si ya kupandisha sauti. Sauti inashuka, mpaka wanaume wanaacha kutafuna ili wamsikie.

"Jer," anasema. "Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu?"

"Niambie, mama."

"Jumapili jioni nilimrudisha nyumbani, nikamkalisha, nikamwekea chai. Akaniuliza baba yake amechelewa wapi."

Colm Mulqueen amezikwa mita mia tatu kutoka kwenye kantini hiyo. Jer alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Nikamwambia. Akalia kama siku ile ya kwanza. Alipomaliza kulia akaniuliza tena. Sasa nyie mnaojua maana ya ugumu, nifundisheni. Mara ya pili ningemwambia vipi?"

Jer anaiangalia sahani yake. "Attracta, sikujua."

"Hukujua. Ila ulisema."

Kufikia saa nne mnada umeshika kasi na kantini imebaki na watu wachache. Ndipo Tadhg Noonan anapokuja dirishani, kofia mkononi. Tadhg ni mkulima, jirani wa Attracta, na yumo katika benchi la ufundi la timu. Anaongea kwa upole, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Attracta, dada yangu. Kijana alikuja kwangu jana. Anataka kucheza."

"Najua."

"Basi nilikuwa nafikiri. Kuna daktari mmoja mjini, hana uhusiano na klabu. Akimwangalia, pengine ataona mambo tofauti. Karatasi moja tu. Hatumlazimishi mtu."

Attracta anaufuta mwiko kwa kitambaa, taratibu, mbele na nyuma. Kutoka ulingoni, ng'ombe wanakouzwa, sauti ya dalali inafika humo ndani, ikikimbiza bei.

"Tadhg, asubuhi hii fahali wako mmoja ameteleza pale ulingoni. Nimesikia."

"Ameteleza, ndiyo."

"Wakamfanya nini?"

"Wakamtoa. Daktari wa mifugo anamwangalia mguu."

"Hauzwi leo?"

"Hauzwi. Sheria."

"Kuna mtu amemwita laini?"

Tadhg anaigeuza kofia mkononi.

"Nenda ukamtafutie fahali wako daktari wa pili," anasema Attracta. "Ukimpata, akakuandikia karatasi, na mnada wakaipokea, rudi hapa tuongee habari za mwanangu."

Alipoulizwa baadaye kuhusu mazungumzo hayo, Tadhg Noonan hakuyakana. "Nilitumwa na hamu ya watu," alisema. "Miaka arobaini bila kombe, watu wanakusimamisha barabarani. Lakini miguu iliyonipeleka pale dirishani ilikuwa yangu. Siwezi kumsingizia mtu."

Saa sita kamili Batt Scanlan anaingia. Ana miaka sabini, mabega bado mapana, shati limepigwa pasi. Aliuza ng'ombe wake wa mwisho miaka mingi iliyopita, ila hajakosa Alhamisi. Hukaa mahali palepale, kwenye kiti kilicho chini ya gongo lake.

Leo wanaume wanampokea kwa mikono miwili. "Uliwapa vidonge vyao, Batt!" anapaza sauti mmoja kutoka meza ya mbali. Batt anapunga mkono, anatabasamu, anaketi.

Kuna jambo ambalo Attracta analijua, na ambalo wengine kantini wanalijua nusunusu lakini hawalitamki. Batt hula chakula chake cha mchana, hushukuru, huenda kuangalia ng'ombe. Kisha hurudi dirishani na kuagiza chakula cha mchana. Mwaka sasa, Attracta amekuwa akimpakulia mara ya pili, kwenye sahani ndogo, bila neno. Malipo ya sahani ya pili hayapokei. Humwambia ameshalipa, na ni kweli.

Daktari wa Batt hajasema kwamba usahaulifu huo umetokana na mapigo ya uwanjani. Mkewe, Philo, hataki mtu mwingine aseme kwa niaba ya daktari. Anachosema yeye ni hiki: "Asubuhi yuko vizuri. Habari za zamani anazisimulia kama padri anavyosoma injili. Redio wanalijua hilo, ndiyo maana wanampigia. Hawajawahi kupiga simu kuuliza kama amekula."

Batt na Philo walisomewa sehemu ya makala haya inayowahusu kabla haijachapishwa. Philo alitaka ibaki. "Aliongea mbele ya kaunti nzima," alisema, "na hili kaunti nzima ilijue." Batt alisikiliza hadi mwisho. "Iacheni hivyohivyo," akasema.

Alhamisi hiyo Attracta alikuwa na mpango wake, na hauonei haya. Alimpigia mwanawe simu aje kula. Alikusudia amkalishe mbele ya Batt, ale naye, amwone akitoka, kisha amwone akirudi kuagiza tena. "Sikutaka kumdhalilisha Batt," anasema. "Nilitaka mwanangu aone. Nilishamaliza maneno yangu yote."

Mpango haukwenda alivyoupanga.

Fiachra aliingia akiwa amevaa kofia ya kuzuia mwanga; taa bado zilikuwa zinamuumiza macho. Mama yake alimwelekeza kwenye meza ya Batt. Kijana alisita, kisha akaenda, akaketi. Attracta akaweka sahani mbili: nyama ya nguruwe ya chumvi, kabichi, viazi, mchuzi mweupe. Kantini ikapunguza sauti bila mtu kuombwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Wewe wa nani?"

"Wa Colm Mulqueen."

"Ah! Colm wa lori la maziwa. Mtu mwema. Hajambo?"

"Alikwishafariki, mzee."

"Pole sana. Sikuambiwa."

Batt Scanlan alikuwepo mazishini. Aliongoza gwaride la klabu nyuma ya jeneza.

Fiachra alikata kiazi, hakukila. "Mimi ndiye namba sita," alisema. "Umesema redioni mimi ni laini."

"Namba sita nilikuwa mimi."

"Ndiyo, mzee. Mwaka 1983. Nilitaka kukuuliza." Sauti yake, kwa ushahidi wa Peig Fahy aliyekaa meza ya pili, haikuwa ya ugomvi. "Jumapili nataka kucheza. Kichwa kinauma, lakini nataka. Kwa hiyo niambie, ile pointi yako uliipigaje? Kichwa chako kilikuwa kimeumia na upepo ulikuwa usoni. Ulilenga wapi?"

Lilikuwa swali la mchezaji kwa mchezaji. Wanaume kwenye meza za jirani waliinama mbele. Hadithi hiyo wanaijua kama wanavyojua sala, na hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza swali hilo.

Batt aliweka uma chini.

"Sijui," alisema.

"Umesahau?"

"Sikuwahi kujua. Nakumbuka padri akibariki magongo asubuhi. Nakumbuka kufunga kamba za viatu. Baada ya hapo nakumbuka dari la hospitali, na mtawa ananiambia tumeshinda. Pointi sikuiona."

"Lakini unaisimulia, mzee. Redioni, shuleni, kila mahali."

"Niliambiwa. Walikuja hospitali kumi kwa kumi wananiambia. Wameniambia vizuri sana."

Jer Moloney alisimama, kiti kikakwaruza sakafu. "Batt, bwana wangu, si wewe uliyetusimulia sisi? Tulikuwa watoto!"

"Baba yako ndiye aliyenisimulia mimi," alisema Batt. "Yeye alikuwa nyuma ya goli. Muulize yeye."

Baba yake Jer ni marehemu. Jer aliketi.

Kisha Peig, ambaye hana desturi ya kunong'ona, alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Miaka arobaini tunawapigia vijana wetu mfano wa mtu ambaye hakuwepo."

"Alikuwepo," alisema mmoja wa wanaume. "Alifunga."

"Kamuulize kama alikuwepo. Huyo hapo."

Batt aliendelea kula. Alikula kwa adabu, akamaliza, akamshukuru Attracta dirishani, akatoka kuangalia ng'ombe. Fiachra alibaki na sahani yake. Attracta hakutoka jikoni. Anasema aliogopa kwamba akitoka ataongea, na akiongea ataharibu.

Batt aliporudi, kofia mkononi, alisimama dirishani na kuuliza leo kuna nini. Attracta alimwambia: nyama ya nguruwe, kabichi, viazi. "Vizuri," alisema Batt. "Njaa inaniuma tangu asubuhi." Attracta akachukua sahani ndogo.

Kutoka mezani Fiachra alimwangalia mzee, kisha akamwangalia mama yake. Mama yake akapakua.

Kijana aliinuka, akaichukua sahani hiyo dirishani, akaibeba hadi mezani, akamwekea Batt na kumpa uma. Kisha akaenda nyumbani kulala.

Ijumaa alimpigia simu Tadhg Noonan. Mazungumzo yao, kwa maelezo ya Tadhg, yalikuwa mafupi. "Aliniambia, 'Sichezi.' Nikamwambia sawa. Akaniuliza kama benchi bado linamhitaji mtu wa kubeba magongo."

Hurling inamhitaji mtu huyo kila mechi. Magongo huvunjika, na mbebaji hukimbia pembeni mwa uwanja na ya akiba, akijua kila mchezaji anapenda uzito gani. Kwa kawaida ni kazi ya mtu mzima aliyestaafu. Daktari wa timu aliulizwa. Aliruhusu kubeba, kwa kutembea, bila kukimbia.

Jumapili saa tisa na nusu alasiri Knockabrann waliingia uwanjani. Jezi namba sita ilivaliwa na Conall Dineen, fundi bomba, ambaye msimu mzima alikuwa mchezaji wa akiba. Fiachra Mulqueen alisimama pembeni mwa mstari akiwa na koti na kofia, magongo matatu kwapani.

Attracta alikaa jukwaani. Upande wake wa kulia walikuwa Philo na Batt. Mara kwa mara Batt aliuliza namba sita ni nani. Attracta alimwambia. Alipouliza tena, alimwambia tena.

Conall Dineen alicheza vizuri kuliko ilivyotarajiwa, kisha gongo lake likapasuka wakati wa mashambulizi ya mwisho. Fiachra alitembea kumpelekea jingine. Hakukimbia. Toorgarve walitumia sekunde hizo, wakafunga. Mechi ikaisha Knockabrann wakiwa nyuma kwa pointi moja.

Mtu nyuma ya Attracta alipiga kelele: "Laini! Anatembea! Laini!"

Attracta aligeuka, akasimama juu ya benchi. Ana urefu wa wastani, na alikuwa amebeba chupa ya chai.

"Nani kasema?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nauliza nani kasema, nimwone uso. Daktari kamwambia atembee, katembea. Kama kuna mwanaume humu anayetaka mtoto akimbie na ubongo uliotikisika ili yeye jioni anywe bia kwa furaha, asimame kama nilivyosimama mimi."

Walioshuhudia wanakubaliana kwamba hakuna aliyesimama. Wanatofautiana juu ya nani alipiga kelele. Batt Scanlan, aliyekuwa amekaa, alimvuta Attracta mkono wa koti na kumwambia aketi, maana anawazibia watu mchezo. Mchezo ulikuwa umeshakwisha.

Katika kantini, baadhi ya wateja walipendekeza gongo la mwaka 1983 liondolewe ukutani. Jer Moloney alijitolea kuleta ngazi. Attracta alikataa. "Liacheni," aliwaambia. "Kosa si la gongo, wala si la Batt. Mlimchukua mtu aliyepigwa kichwani mkamtengenezea kumbukumbu, halafu mkawapimia watoto wetu ugumu kwa kumbukumbu mliyoitengeneza wenyewe. Mtalitazama kila Alhamisi."

Mpango wake sasa ni mkutano mkuu wa Desemba. Anataka klabu ipitishe kanuni moja: mchezaji akitolewa na daktari kwa ajili ya kichwa, mtu yeyote wa benchi la ufundi haruhusiwi kuongea naye wala na familia yake kuhusu kurudi uwanjani mpaka muda aliopewa uishe. Peig Fahy amekubali kuunga mkono hoja. Tadhg Noonan naye amekubali. "Mimi ndiye mfano," alisema. "Watauliza jambo hilo hutokeaje, nitasimama niwaambie."

Attracta hajawahi kuongea katika mkutano. Alipoulizwa nani atakata sandwichi, alisema mkate upo na visu vipo, na wanaume wa Knockabrann wana mikono.

"Nataka siku moja mwanangu afunge pointi, halafu jioni anisimulie yeye," alisema. "Nisisimuliwe na watu."

Fiachra anatarajiwa kuonwa tena na daktari wiki ijayo. Maumivu ya kichwa yamepungua. Mwanga bado unamsumbua. Redio ya kaunti ilipiga simu kwa akina Scanlan Jumatatu, ikitaka maoni ya Batt kuhusu mechi ya marudio. Philo alipokea. Aliwaambia Batt anakula, akakata.

Alhamisi iliyofuata, saa sita kamili, Batt Scanlan aliingia kantini, akaketi chini ya gongo lake, akala, akashukuru, akatoka kuangalia ng'ombe. Wanaume waliokuwepo, Jer Moloney akiwa mmoja wao, hawakumuuliza chochote kuhusu mwaka 1983. Saa saba kasorobo alirudi dirishani, kofia mkononi, akauliza leo kuna nini. Attracta alimwambia, akachukua sahani ndogo, akapakua.